Kitako cha Bunduki Hakilindwi kwa Kung'aa

Bunduki ya kuwindia inayofanya kazi kwenye vichaka vya Itigi, au kwenye mapori ya akiba ya Rungwa, Kizigo na Muhesi, hupitia mambo ambayo bunduki ya kabatini haiyajui. Kuna miezi mirefu ya kiangazi yenye upepo na vumbi, kisha mvua za kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi Aprili. Kuna miiba, jasho la shavu na kiganja, na kugongana na vyuma vya gari kutwa nzima. Mtutu husafishwa kwa uangalifu kwa sababu kila mwenye silaha anaogopa kutu. Kitako cha mti ndicho kinachoachiwa ushauri wa kijiweni.

Ushauri huo haukosekani Singida, na mwingi hutolewa kwa nia njema na watu wanaoijua mbao. Tatizo ni kwamba ujuzi wa kabati na kitanda unahamishiwa kwenye kifaa kinachoishi nje na kupokea kishindo cha kila risasi. Msimamo wangu nitautetea dai kwa dai: kitako hulindwa na mafuta yanayokauka kweli, yaliyopakwa membamba na kwa subira, pande zote za mti, hata zile zisizoonekana. Tena ulinzi mzuri ni ule ambao mwenye bunduki anaweza kuukarabati mwenyewe.

Kabla ya mafuta kuna sheria. Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na leseni ya kumiliki silaha ni ya mtu aliyetajwa ndani yake. Silaha haiachwi kwa seremala wiki nzima kama kiti kinachosubiri mguu. Mwenye bunduki aifungue mwenyewe, chuma abaki nacho mahali pa kufuli, na kama kazi inataka fundi, awaulize polisi wa wilaya yake kabla ya kukabidhi chochote.

"Mafuta ya alizeti yanatosha, tena ni ya kwetu." Dai hili nalipa nafasi kubwa kwa sababu ndilo lenye mizizi. Singida ni mkoa wa alizeti. Mashamba yake unayaona kutoka barabarani Iramba, Mkalama na Ikungi, vinu vya kukamua vimefika vijijini, na dumu la mafuta halikosekani nyumbani. Ukiyasugua kwenye mninga uliopigwa msasa vizuri, rangi ya mti huibuka papo hapo, kahawia yenye wekundu na mistari iliyokolea, na mtazamaji huamini kazi imekwisha.

Kinachoamua ni mwezi unaofuata. Maji yakikauka huondoka, lakini mafuta hayaondoki popote. Mafuta yanayofaa mbao huvuta oksijeni kutoka hewani, chembe zake zikashikana zenyewe kwa zenyewe, na kilichokuwa kimiminika kikawa kigumu ndani ya vinyweleo vya mti. Wakemia hupima uwezo huo kwa kuangalia gramu ngapi za aidini zinanyonywa na gramu 100 za mafuta. Mafuta ya kitani hunyonya kati ya 170 na 200 hivi. Alizeti ya kawaida hucheza kati ya 110 na 145. Mawese ni 50 na kidogo, nazi haifiki hata 15. Kwa hiyo nazi haitakauka kamwe, kitani hukauka vizuri, na alizeti imekwama katikati: huanza kukauka, hunata, na kubaki ikinata. Kitako kinachonata hukamata vumbi lote la Agosti na Septemba, na baada ya miezi michache kinanuka mafuta yaliyochacha. Shavu lako liko juu yake kila unapolenga.

Asiyekubali achukue kipande cha kioo, apake kwa kidole tone la kitani yaliyochemshwa upande mmoja na tone la alizeti upande mwingine, yote membamba kabisa, akiache ndani ya nyumba. Kitani kwa kawaida huwa yameshika kesho yake au keshokutwa. Alizeti yatakuwa bado yanaacha alama ya kidole siku nyingi baadaye. Ni kweli kwamba baadhi ya wachoraji hutumia mafuta ya alizeti katika rangi nyeupe kwa sababu hayageuki manjano haraka kama kitani. Lakini picha inaning'inia ukutani, hakuna anayeishika kwa kiganja chenye jasho.

Kitani hupatikana kwenye maduka makubwa ya rangi na vifaa vya uchoraji mijini. Mabichi huchukua siku nyingi hata wiki kukauka. Yale yanayoitwa "yaliyochemshwa" yametiwa kiasi kidogo cha vikaushi vya madini kama kobalti au manganisi, na ndiyo yanayofaa mtu mwenye kazi. Hapa kuna dai dogo ndani ya dai kubwa: kwamba unaweza kununua mabichi ukayachemsha jikoni yakawa sawa. Hayatakuwa. Jiko halitii kobalti, na sufuria ya mafuta iliyopita moto wake huwaka. Kama mafuta ya mti uitwao tungi yanapatikana, hayo yanastahimili maji kuliko kitani. Mafundi hodari wa mbao huyapenda. Hayakuwa mageni eneo letu: mji wa Mzuzu nchini Malawi ulianza kukua pembeni mwa mashamba ya miti ya tungi mwishoni mwa miaka ya 1940.

"Paka oili chafu, mchwa hawatagusa na maji hayataingia." Oili iliyotolewa kwenye injini hupakwa nguzo za uzio na mbao za paa, na huko sina ugomvi nayo. Kwenye kitako ni uharibifu. Mafuta ya aina hii hayashikani na oksijeni kwa namna niliyoieleza, kwa hiyo hata baada ya miaka 10 yatakuwa bado ni oili, imezama ndani na kulainisha nyuzi. Mahali panapoumia kwanza ni pale chuma kinapokutana na mti, nyuma ya mtambo na kwenye shingo ya kitako, ambapo kishindo cha risasi huegemea. Mti uliolowa oili hapo hubonyea, chuma hupata nafasi ya kucheza, na siku moja ufa unafunguka kufuata nyuzi. Oili ya injini iliyotumika ina pia masizi na kemikali zisizofaa kukaa kwenye ngozi ya binadamu. Mchwa, kwa upande wake, huzuiwa na mahali pa kuhifadhia: bunduki isilazwe sakafuni wala kuegemezwa ukuta wa udongo.

Wengi huoilisha kitako bila kukusudia. Husafisha mtutu, wakamiminia oili, wakasimamisha bunduki mdomo juu. Usiku kucha oili inashuka kwenye mtambo na kuingia kwenye mti. Baada ya kusafisha, futa oili iliyozidi na simamisha bunduki mdomo ukiwa chini juu ya kitambaa. Mti ambao tayari umekuwa mweusi kwa oili unaweza kupona kwa sehemu: changanya unga wa chaki na spiriti hadi uwe uji mzito, paka, acha ukauke, ondoa unga kwa brashi ukiwa umenyonya, rudia mara nyingi. Mafuta mapya yasipakwe mpaka unga utoke mweupe.

"Laka ya fanicha ndiyo mwisho wa maneno. Mikono sita, kioo kitupu." Fundi wa sofa anayepuliza laka ana haki ya kujivunia kazi yake, na ndiyo inayouza kitanda. Laka hiyo ya kawaida hukauka kwa dakika chache na hupendeza sana, lakini ni ngumu bila kunyumbulika. Mti ulio chini yake unapanuka na kusinyaa. Ngozi nene isiyoweza kufuata mwendo huo hupasuka, kwanza kwenye kingo na mahali pa vikwaruzo. Maji huingia kwenye ufa, yakashindwa kutoka, na laka hubabuka ikiacha mabaka meupe. Hapo hakuna kukarabati kipande. Unakwangua yote na kuanza upya.

Kuna adui mwingine ambaye fanicha haikutani naye. Dawa nyingi za kujipaka kufukuza mbu na mbung'o zina kemikali iitwayo DEET, na kemikali hiyo huyeyusha laka, aina kadhaa za vanishi na plastiki. Mtu aliyejipaka dawa mkononi asubuhi, akashika kitako chenye laka kutwa nzima, jioni ataona alama za vidole zimezama humo. Viyeyushi vya kusafishia mtutu hufanya vivyo hivyo vikidondoka.

Sisemi kwamba vanishi yote ni mbaya. Vanishi nzuri ya mafuta ni ndugu wa damu wa kitani. Katika karne ya 19 sandarusi ya pwani yetu, utomvu wa kale uliofukuliwa ardhini, ilisafirishwa kutoka Zanzibar hadi Salem huko Massachusetts, ikasafishwa na kupelekwa kwa watengenezaji wa vanishi. Walioihitaji waliyeyusha utomvu huo mgumu kwa moto na kuuchanganya na mafuta ya kitani. Utomvu ulileta ugumu, mafuta yakaleta kunyumbulika na kuzama. Kanuni hiyo bado inafaa kitako cha leo: chukua sehemu moja ya vanishi ya mafuta, bora ile ya nje au ya mashua, sehemu moja ya kitani yaliyochemshwa na sehemu moja ya tapentaini. Mchanganyiko huu huzama kuliko vanishi tupu, hukauka haraka kuliko kitani tupu, na hustahimili maji kuliko kitani peke yake. Kwa bunduki inayolowa mvua za Januari, ndio ninaoupendekeza. Kitani tupu ni mazuri kwa kushika na rahisi kurudishia, ila mvuke wa maji hupita ndani yake bila taabu, na anayeyasifu anapaswa kusema hivyo pia.

"Sehemu za ndani hazionekani, za nini kuzipaka?" Kama kuna kosa moja la kukomesha katika kazi hii, ni hili. Mti hunywa maji kwa mwisho wa nyuzi haraka mno kuliko kwa ubavu, na mwisho wa nyuzi umefichwa: chini ya bamba la mpira au chuma nyuma ya kitako, ndani ya shimo la mtambo, kwenye ncha ya mbele, na ndani ya matundu ya skrubu. Kitako kinachong'aa nje na kuwa kikavu ndani ni ndoo iliyofunikwa mfuniko huku tako lake limetoboka.

Hesabu yake iko wazi. Kwa joto la kawaida, mbao iliyokaa kwenye hewa yenye unyevu wa asilimia 80 hutulia ikiwa na maji karibu asilimia 16 ya uzito wake mkavu. Kwenye hewa ya asilimia 50 hutulia karibu asilimia 9. Bunduki iliyotunzwa Dar es Salaam kisha ikaletwa Manyoni wakati wa kiangazi hupita katika tofauti kama hiyo, na hupitia tena kila mvua zinapoanza. Mti haubadiliki urefu kwa kiasi cha kuonekana, ila upana wake hubadilika. Upande mmoja ukinywa maji kuliko mwingine, mkono wa mbele wa kitako hujipinda, unaugusa mtutu, na risasi zinaanza kwenda pembeni. Mwindaji hulaumu darubini, hulaumu risasi, huzungusha skrubu za shabaha, na mvua zikiisha bunduki inabadilika tena. Kwa mtu anayewajibika kuua mnyama kwa risasi moja safi, au askari anayekabili nyati aliyejeruhiwa, huo ni mzigo mzito kuubeba kwa sababu ya kijiko kimoja cha mafuta.

Basi fungua bamba la nyuma. Mwisho wa nyuzi hapo uupe mafuta mpaka ukatae kunywa, utashangaa unavyokunywa. Pita kwenye njia ya mtutu na shimo la mtambo kwa brashi ndogo, mikono miwili au mitatu myembamba, ukifuta kila kilichozidi, kwa sababu tabaka nene humo litabadilisha namna chuma kinavyokaa. Matundu ya skrubu yapitishie kijiti chenye pamba. Michoro ya kushikia ipakwe kwa mswaki, mafuta kidogo sana, la sivyo itaziba na kuteleza.

"Mninga haujali maji, uache hivyo hivyo." Bunduki nyingi za kiwandani zina kitako cha mjozi, mti wa nchi za baridi. Vitako vilivyobadilishwa huku kwetu mara nyingi ni vya mninga, na uchaguzi ni mzuri: mninga husinyaa kidogo sana kulinganisha na mbao nyingi, hauozi upesi, na si mzito kupita kiasi. Sifa hizo hupunguza adhabu ya mti kuachwa mtupu, hazifuti. Mninga mtupu hufyonza jasho na oili, hufifia juani, na nyuzi zake husimama ukilowa. Mwenye kununua ubao wa kitako anunue uliokatwa na kusafirishwa kwa vibali vya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, na auchague ambao nyuzi zake zinapita moja kwa moja kwenye shingo ya kitako. Shingo yenye nyuzi zilizokatika itapasuka hata ikipakwa dhahabu. Anayepiga msasa avae barakoa, vumbi la mninga huwasha pua na kifua.

Mpingo una hadithi yake. Watu huupenda kwa ncha ya mbele na kofia ya mshikio, na mafuta yakigoma kukauka juu yake hudhani wameuziwa mafuta ya kughushi. Mpingo na ndugu zake wana kemikali za asili zinazozuia mafuta na vanishi kushika oksijeni. Futa kwa spiriti, paka mkono mmoja mwembamba wa shelaki iliyoyeyushwa kwa spiriti, iache ikauke, kisha endelea na vanishi juu yake.

Kuhusu nta ya nyuki sitasema mengi. Manyoni na Itigi ni nchi ya nyuki na nta yake ni nzuri, ila huyeyuka kwenye joto la nyuzi 62 hadi 64 na hulainika mapema zaidi, jambo ambalo mtutu wenye moto au dashibodi ya gari saa nane mchana hulifanya kwa urahisi. Nta ni ya mwisho, juu ya mafuta yaliyokwisha kukauka. Ukiitanguliza, hakuna mafuta wala vanishi itakayoshika baadaye.

"Anika juani, paka mikono mitatu leo leo." Jua la Singida hukausha nguo kwa saa moja, na kishawishi kinaeleweka. Lakini mti unapopata joto, hewa iliyo ndani ya vinyweleo hutanuka na kusukuma mafuta nje kama vitone vidogo, ambavyo hukauka vikiwa vipele. Fanya kinyume: acha mti upate joto la mchana kivulini, upake jioni hewa inapoanza kupoa, nao utavuta mafuta ndani. Chumba kiwe kimefagiwa mapema, sakafu imenyunyizwa maji, madirisha ya upande wa upepo yamefungwa.

Utaratibu wenyewe ni mfupi. Msasa namba 120, 180, kisha 240, daima kufuata nyuzi. Futa mti kwa kitambaa chenye maji ili nyuzi zisimame, acha ukauke, piga msasa 320 kidogo, rudia mpaka zisisimame tena. Mkono wa kwanza wa mafuta uwe wa kutosha, subiri dakika 20, futa kila kilichobaki juu mpaka mti uonekane kama hujapaka kitu. Subiri saa 24, au zaidi kama bado unanusa mafuta kwa nguvu. Mikono inayofuata iwe ya matone machache yanayosuguliwa kwa kiganja. Kati ya mikono, msasa 400 mwepesi. Mikono sita hadi nane inatosha kazi ya porini, na mti uachwe wiki mbili hivi kabla ya kurudishiwa chuma.

"Mafuta ya mimea hayawezi kuwaka yenyewe." Yanaweza, na nyumba zimeungua kwa kutojua hili. Kule kushika oksijeni kunakokausha kitani hutoa joto. Kwenye kitako joto hilo hupotea hewani. Kwenye kitambaa kilichofinyangwa na kutupwa pembeni, joto hujikusanya katikati, na kwa saa chache kitambaa hufuka moshi kisha kuwaka, pasipo kiberiti wala cheche. Karakana iliyojaa maranda ya mbao haina nafasi ya pili. Kila kitambaa kitandazwe nje kimoja kimoja mpaka kiwe kikavu na kigumu, au kitiwe kwenye kopo la chuma lenye maji na kufunikwa. Kamwe kisiachwe rundo, hata kwa muda wa kwenda kula.

Mwisho kuna wanaosema kitako kikikwaruzika dawa ni kukikwangua chote. Hiyo ni kweli kwa laka, si kwa mafuta. Palipobonyea bila nyuzi kukatika, weka kitambaa kilicholowa na upitishe pasi ya moto kwa sekunde chache. Mvuke huinua nyuzi. Mkwaruzo piga msasa 400 wenye tone la mafuta, sugua mpaka uungane na jirani zake, futa. Na kila Oktoba, mvua hazijafika, fungua kitako, angalia kama kuna oili imeingia nyuma ya mtambo au ufa mwembamba kwenye shingo, pitisha mkono mmoja mwembamba nje na ndani, kiache wiki moja, kisha kaza skrubu kwa nguvu ileile ya zamani na upige risasi tatu kwenye shabaha ya karatasi, mahali panaporuhusiwa, kabla ya kuingia nayo porini.